Geti Lililotazama Ndani

Mjukuu wangu Shamimu aliniuliza swali lake nikiwa na uji mdomoni. Ndiyo tabia yake tangu utotoni, kumvamia mtu wakati hawezi kujibu.

"Babu, kuchora inalisha mutu?"

Amemaliza masomo ya uhasibu. Kuna ofisi mjini imemwita, na Jumatatu wanataka jibu. Lakini yeye anashinda akichora nakshi za vitambaa kwenye simu, na yuko mshona nguo mmoja wa Kamenge anayetaka washirikiane. Mama yake analia, baba yake amenyamaza, wakaona wamlete kwangu huku Gasenyi kwa sababu katika ukoo wetu mimi ndiye mtu aliyewahi kula kwa mkono wa kuchora na bado hajafa. Akaja na marafiki zake, wote na simu zao, wakajipanga kwenye mkeka kama watu waliokuja kupimwa damu.

Sikumjibu siku ile. Nilimaliza uji. Leo ndiyo namjibu, na ninyi wengine mnaopenda kutumia mikono na macho sikilizeni pia, maana najua swali si lake peke yake. Bibi yenu Zaituni yuko dirishani, anachambua mchele. Nikitia chumvi nyingi, mtamsikia akikohoa.

Mimi nilikuwa fundi wa kuchomelea vyuma. Nimetengeneza mageti, yale ambayo sisi hapa Bujumbura tunayaita portaye, kuanzia Buyenzi hadi Kinama. Si mageti ya bati na komeo tu. Yangu yalikuwa na mizabibu, mawimbi, nyota, ndege, na mara moja simba, lakini simba huyo nitamfikia.

Kazi nilifundishwa na Fundi Desiré, mtu wa Uvira, mwembamba, mwenye sauti nene ambayo hukujua anaitoa wapi. Atelie yake, yaani karakana, ilikuwa Kamenge, kando ya barabara. Sakafu ya simenti aliisafisha kuliko watu wengine wanavyosafisha sebule, kwa sababu ndiyo ilikuwa karatasi yake. Geti zima lilichorwa pale chini kwa chaki, kwa ukubwa wake wenyewe. Kisha aliuacha mchoro ulale. Asubuhi, jua likiwa bado liko chini, anapanda juu ya kiti na kuutazama tena, na kila mara anakuta kitu cha kufuta.

"Chaki ni kitu ya bure," alikuwa akiniambia, na chuma akikiita fer. "Fer si ya bure. Ukikosa, kosa mu chaki."

Shikeni hilo hata ninyi wa simu. Msiamini mchoro siku mliyouzaa. Siku hiyo mnaupenda mno. Na msiutazame mkiwa mmeusogelea, pandeni juu ya kitu. Mimi kwa miaka mingi nilichora nimepiga magoti. Wahenga walisema mtaka cha mvunguni sharti ainame, nami niliinama hadi mgongo ukasahau njia ya kurudi.

Jambo la pili alilonifundisha Desiré sikulipenda. Nilipofika kwake nilitaka kuchora maua tangu siku ya kwanza. Akanipa imbabura. Mnazijua, majiko ya mkaa ambayo bila hayo hakuna maharage mji huu. Nilitengeneza imbabura mpaka nikaziota. Nikamuuliza nitaanza lini kazi yenyewe. Akaniambia, "Iyi ndiyo kazi yenyewe. Portaye mutu ananunua mara moja mu maisha. Imbabura inaoza." Nilidhani ananidharau. Baadaye nilifungua atelie yangu, mvua za Aprili zikaja, hakuna aliyejenga, na nyumbani tulikula imbabura. Hapo nikamwelewa. Anayetaka kuishi kwa kazi ya moyo awe na kazi nyingine ndogo ya tumbo, na asiionee haya. Ukiulazimisha mchoro wako ulipe kila kitu, kodi na sukari na ada za watoto, utaanza kuuchukia.

Macho pia. Usitazame moto wa kuchomelea kwa macho makavu hata kwa kuiba. Usiku utahisi kama mtu amekutia mchanga chini ya kope. Sisi tuliweka vipande vya viazi vibichi juu ya macho tukalala hivyo, na asubuhi chumba kinanuka kama jikoni. Bibi yenu amekohoa. Sawa, ninarudi.

Simba. Mtu mmoja wa Kinama, amefanikiwa kidogo katika biashara ya nafaka, alitaka simba kwenye geti lake. Sikuwa nimewahi kumwona simba. Nilichora kwa kukisia, nikapanda kiti asubuhi, nikamwona ana mashaka lakini nikajipa moyo. Alipochomelewa na kupakwa rangi akawa paka, tena paka aliyeshiba. Mwenye nyumba alisimama pale muda mrefu. Mimi nilikuwa tayari kukimbia. Akasema, "Bon, anafanana na mwenyewe." Kumbe hata yeye alikuwa mnene. Mpaka leo wenye pikipiki wanaijua nyumba ile kwa jina la kwa Paka, na mzee huyo alikuwa akinishukuru kwamba wageni wake hawapotei.

Sasa niwaambie la geti la Buyenzi, maana ndilo jibu langu.

Nilimpenda Zaituni. Naona kikohozi kimekatika ghafla. Baba yake, Mzee Hemedi, alikuwa na duka la vitambaa, mtu wa ukoo wa zamani wa Kiislamu pale Buyenzi, mpole lakini mwenye kupima mambo. Nilipotuma watu, hakukataa, wala hakukubali. Alisema amesikia mimi ni kijana ninayechora chini kama watoto, basi nimtengenezee portaye, aone kama mchoro wangu unaweza kusimama. Desiré akaniachia kazi nzima, kwa mara ya kwanza. Nikaenda kupima.

Ilikuwa nyumba ya Buyenzi kama nyingine, ua katikati, vyumba pembeni, nguzo mbili za simenti zikisubiri geti. Nje, mbele ya nguzo ya kushoto, palikuwa na mtaro wa maji ya mvua. Kwa hiyo ule mlango mdogo wa watu kupita ulipaswa kuwa kulia, mbali na mtaro. Kitu rahisi. Fundi husimama barabarani, akaitazama nyumba, akaandika kulia. Mimi siku hiyo nilipimia ndani ya ua, maana ndani ya ua Zaituni alikuwa anaanika nguo. Kulia kwangu kukawa kushoto kwa barabara, na sikugundua. Niliona kanga zinapepea, nikaona dunia imekaa sawa.

Nikachora mzabibu unaopanda pande zote mbili na ndege wawili wanaotazamana pale mabawa ya geti yanapokutana. Niliulaza mchoro, nikaupandia kiti, nikaufuta, nikauchora tena. Kabla sijamaliza kuchomelea, Mzee Hemedi alifariki. Aliugua kwa muda mfupi tu. Tulimzika, na mjane wake, Mama Zaituni, akaingia eda.

Kwa wasiojua, eda ni kipindi ambacho mke aliyefiwa anakaa nyumbani mwake, hatoki bila haja ya lazima, hajipambi, haonani na wanaume wasio maharimu zake. Ni miezi minne na siku kumi. Kuta zilezile, ua uleule, na yule mtu hayupo.

Mambo ya familia yakashikwa na ndugu mkubwa wa marehemu, Mzee Nassoro. Yeye ndiye aliyekuwa sasa walii wa Zaituni, na bila yeye hakuna ndoa. Huyu hakuwa na habari ya kupima. Aliniita akaniambia wazi kwamba kiwanda cha sabuni kinatafuta fundi wa kuchomelea mabomba, mshahara kila mwisho wa mwezi. Nikienda huko tutazungumza. Nikibaki na chaki, nitafute mke mwingine.

Ndipo tulipopeleka geti. Tukalipakua, tukalisimamisha kwenye nguzo, na mlango mdogo ukaangukia juu ya mtaro. Desiré alinitazama. Nilitazama mtaro. Tukajaribu huku na huku, na geti likakubali kukaa kwa namna moja tu, limegeuzwa uso wake uwe ndani ili mlango mdogo uondoke juu ya mtaro. Mzabibu, ndege, kazi yangu yote ikatazama ua. Barabarani kulikuwa na mgongo wa geti, bati tupu lenye rangi ya kahawia.

Kulirudisha atelie kulikuwa na maana ya kuiacha wazi nyumba yenye mjane, na jua lilikuwa linashuka. Desiré akasema tulifunge hivyo hivyo. Mzee Nassoro akafika kutoka msikitini, akasimama mbele ya bati.

"Iyi ndiyo maua?"

Nikamweleza. Akaingia, akafunga geti, akaliona, akatoka tena kutazama bati, kama mtu anayedhani kuna kiinimacho. Kisha akaanza. Kwamba mtu asiyejua nje na ndani hawezi kujua mume na mke. Kwamba watu watatucheka. Kwamba niling'oe saa hiyo hiyo, marehemu asiaibishwe.

Mama Zaituni alikuwa amejitenga chumbani kwa sababu yetu, nyuma ya pazia la mlango. Sikuwa nimeisikia sauti yake tangu msiba.

"Shemeji, wacha ivyo."

"Batu watatucheka, mama Zaituni."

"Wenye kupita wanapita. Mi ndiyo nabaki hapa. Wacha ivyo mpaka eda iishe."

Mjane katika eda habishiwi uani kwake. Mzee Nassoro alinigeukia. Aliniambia polepole, ili nisikie vizuri: siku eda itakapoisha nije kulikata na kuligeuza, kwa gharama yangu, na siku hiyo hiyo nilete jibu la kiwanda. Nikasema nimesikia.

Wanangu, niliteseka. Nilikwenda kiwandani. Msimamizi alinipenda, akanionyesha mabomba, akaniambia nafasi yangu ipo. Sina neno baya juu ya sabuni, sote tunaoga. Mahali palikuwa safi, watu walicheka, na kulikuwa na kengele ya kula. Nilirudi kwa Desiré nikitumaini atanizuia. Hakunizuia.

"Kiwanda iko muzuri," alisema. "Mi siwezi kukuongopea. Mi nimezeeka na sina kitu." Kisha akainama akaendelea kuchora, na nikaona kwamba alikuwa akiimba kwa sauti ya chini, kama alivyofanya kila asubuhi. Nilijiuliza kama kwenye mabomba nitawahi kuimba. Swali lenyewe lilinitia hasira, kwa sababu nilikuwa nataka mke, si wimbo.

Siku moja Zaituni akapita atelie na mdogo wake wa kiume. Wanatoka kununua nyuzi za kudarizi. Hakuingia. Alisimama barabarani akasema kwa uso mkavu:

"Mama anauliza, mukia ya ndege ya kushoto, uliifanya mufupi makusudi?"

Nilishtuka. Chuma kilikuwa kimeniishia, nikapunguza mkia kidole kimoja, na Desiré mwenyewe hakuwa ameona.

"Umwambie fer iliisha," nikasema.

Wakaenda. Baada ya siku chache wakapita tena. Mama anauliza, kwa nini zabibu za juu ni chache? Nikasema kwa sababu juu ndiko mzabibu bado unakua. Siku nyingine akauliza ndege wanaambiana nini. Swali hilo nililala nalo. Sijawahi kupata mtu aliyeitazama kazi yangu namna hiyo, si kabla wala baada. Wateja hutazama geti siku linapokuja, kisha wanalifungua na kulifunga. Huyu mama alikuwa akilisoma.

Siku eda ilipoisha, nilikwenda na Desiré na vifaa vyote kwenye mkokoteni. Moyoni nilikuwa nimeshindwa. Nilikuwa nimekata shauri kusema ndiyo kwa kiwanda. Mzee Nassoro alikuwa ameketi uani, kanzu imepigwa pasi, yuko tayari kusimamia. Mama Zaituni akatoka. Alikuwa ameoga, amevaa nguo nyingine, uso umepungua lakini umetulia. Alibeba kitu kilichokunjwa. Hakunisalimia kwanza. Alimwita Zaituni, wakashika pembe, wakakikunjua.

Lilikuwa shuka jeupe la kitanda. Mzabibu ulipanda pande zote mbili kwa uzi wa kijani, na katikati ndege wawili wakatazamana. Ndege wa kushoto alikuwa na mkia mfupi.

Desiré alivua kofia.

"Shemeji Nassoro," akasema Mama Zaituni, "kila asubui nilikuwa naamuka, nasema leo siwezi. Nafungua macho, naona izi ndege mbili. Nasema basi, nitatoa ndege moja mu uzi, kisha nitalala tena. Ni ivyo nilimaliza eda. Iyi shuka ni ya arusi ya Zaituni. Nimeshona ile yenye baba yake aliagiza."

"Na mutoto wako atakula ndege?" akauliza Mzee Nassoro. Lakini sauti yake ilikuwa imelegea.

"Mabibi wenye walikuya kunipa pole wote wameona portaye. Wameanza kuuliza ni nani fundi. Nikuulize na we: mwizi akipita barabarani anaona nini?"

"Anaona bati."

"Basi anapita."

Desiré aligeuka akacheka ukutani. Mzee Nassoro alinikazia macho. "Na we? Jibu yako iko wapi?"

Jibu nililokuja nalo lilikuwa limeniponyoka. Nilitazama lile shuka nikasema kitu ambacho sikukipanga.

"Mzee, siendi ku kiwanda. Asubui nitatengeneza imbabura, kila siku, ata siku ya portaye. Zaituni hatalala njaa. Mais kuchora siwachi."

Alisimama, akaenda mpaka kwenye geti, akapitisha kidole kwenye ule mkia mfupi, kama anayetafuta kama kweli chuma kiliisha pale. Akarudi akasema, "Imbabura ya kwanza unaleta kwangu. Na ikitoboka mbele ya mwaka, nakuya kuchukua mutoto."

Haikutoboka. Niliichomelea mara mbili kila kiungo, kwa hofu.

Tangu hapo nilibadilika. Kila mteja akija na picha ya geti aliloliona kwa jirani, nilimuuliza kwanza: ndani anakaa nani? Watu walishangaa. Mmoja alikuwa na mama asiyeweza kutembea tena. Mwingine alikuwa na mtoto ambaye hakusema, alipenda tu vitu vinavyozunguka, basi nikamtengenezea gurudumu dogo upande wa ndani, ambalo barabara nzima haikulijua. Nikawa fundi wa mageti ya nyuso mbili. Na ndege mmoja, popote nilipochora ndege, nilimwacha na mkia mfupi.

Sikutajirika. Muulizeni bibi yenu. Kuna miaka tulikula vizuri, na kuna miaka ambayo kila nyumba ya mji huu iliogopa na hakuna aliyetaka maua getini, walitaka bati nene tu. Nikachomelea bati nene. Halafu yakaja mageti yaliyokatwa kwa mashine, maua yake yamenyooka kuliko yangu, ndege wote mikia sawa. Sibishani nayo. Ni mazuri. Niliona huzuni, na nilikaa na huzuni hiyo mpaka ikazoeana nami. Kisha magoti yakakataa sakafu, nikamwachia atelie mwanangu, ambaye anatengeneza imbabura nzuri kuliko zangu na hataki kusikia habari za mizabibu. Ni haki yake. Anaimba akifanya kazi, nimemsikia.

Kwa hiyo, Shamimu, siwezi kukuambia ukatae ile ofisi. Sikuwahi kupokea mshahara wa mwezi, sijui utamu wake. Huenda ofisi ikawa ndiyo imbabura yako. Huenda pia ikakumeza mzima. Mshona nguo wa Kamenge simjui. Nijualo ni kwamba usichore kwa ajili ya wanaopita, maana wanapita. Tafuta yule mmoja anayebaki na kazi yako siku nzima, na umuulize anaona nini.

Lakini kabla ya Jumatatu nenda Buyenzi. Nyumba ile sasa ni ya mdogo wake bibi yako, yule aliyekuwa akimsindikiza kununua nyuzi. Mama Zaituni alishafariki, Mungu amrehemu. Geti hatukuligeuza kamwe. Limepakwa rangi mara nyingi, na mwezi uliopita mdogo wake aliniambia kutu imeanza chini, nikamwambia asiguse mpaka nije. Bibi yako atakupa shuka ulibebe, uende nalo. Usimwambie kwamba nimesema, amejifanya hasikii.

Ukifika utaona bati tupu la kahawia kama la nyumba yoyote. Usikate tamaa, usidhani umepotea. Piga hodi. Wakikufungulia, ingia, waache wafunge nyuma yako, kisha ugeuke.